Acha Hiyo Presha Kwanza: Kwa Watarajali Wanaoanza Wodi ya Wagonjwa wa Kiharusi

Wadogo zangu, wiki hii nimepitia chati za dawa za wodi yetu nikakuta jambo lile lile la kila mwaka. Mgonjwa ameingia na kiharusi, picha ya CT ya kichwa inasema hakuna damu iliyovuja, yaani ni mshipa ulioziba, presha 190/100, na hapo chini kuna mwandiko wa haraka wa saa nane usiku: hidralazini ya mshipa, ile dawa ya kushusha presha haraka, rudia baada ya nusu saa. Nikafungua faili la pili, hivyo hivyo. La tatu lina amlodipini, losartani na frusemaidi, zote zimeanzishwa kwa mpigo saa moja tu baada ya mgonjwa kupokelewa. Aliyeandika si mvivu wala si mjinga. Ni kijana mzuri, anafika mapema, anawasalimia wagonjwa kwa majina yao. Ndiyo maana nimeamua kuandika badala ya kugomba kwenye raundi. Kwenye raundi mnaitikia "sawa Dokta", halafu usiku ukiingia mkono unarudi kule kule kwenye hidralazini.

Najua mlikotoka. Chuoni na kliniki mmefundishwa kuichukia presha, na mna haki ya kuichukia. Utafiti wa kiharusi uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na hapa Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta kwamba, ukisawazisha umri, Dar ilikuwa na wagonjwa wapya karibu 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Hicho ni kiwango cha kutisha, na presha isiyotibiwa ndiyo kinara wa visababishi. Mnaingia wodini mkiwa na hasira nayo. Sasa naomba mlishike hili kabla ya mengine yote: presha iliyomharibu mgonjwa kwa miaka mingi ndiyo hiyo hiyo inayomlisha ubongo usiku huu. Wakati wa kuishughulikia utafika. Usiku wa kwanza, kwa wengi, haujafika.

1. Jua unashusha nini

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa amepumzika unachukua asilimia 15 hadi 20 ya damu yote inayotoka moyoni. Na hauweki akiba. Seymour Kety na Carl Schmidt walipopima kwa binadamu miaka ya 1940, walipata kwamba kila gramu 100 za ubongo hupata takriban mililita 50 za damu kwa dakika. Ikishuka hadi karibu na 20, seli za neva zinaacha kazi: mkono unalegea, maneno yanapotea. Lakini hazijafa. Ikishuka chini ya 10 hivi, zinaanza kufa, tena kwa dakika. Eneo lililo katikati ya viwango hivyo viwili, lililonyamaza lakini bado hai, ndilo Astrup, Siesjö na Symon waliloliita penambra mwaka 1981. Hilo ndilo tunalopigania. Kiini cha kiharusi kimeshakwenda, hatukirudishi.

Kwa mtu mzima wa afya, presha ya mwili inaweza kupanda na kushuka mchana kutwa, akipanda ngazi, akikasirika kwenye foleni ya Ubungo, akilala, na damu ya ubongo isibadilike sana. Kazi hiyo inafanywa na arterioli, mishipa midogo yenye misuli laini. Presha ikipanda, ukuta wa mshipa unavutwa, misuli inabana, damu inapungua kurudi kwenye kiwango chake. Presha ikishuka, misuli inalegea na mshipa unapanuka. William Bayliss aliona tabia hiyo ya misuli ya mishipa na kuiandika mwaka 1902. Juu ya hapo kuna kabonidayoksaidi, kuna kemikali zinazotolewa na utando wa ndani wa mshipa, kuna seli za neva zenyewe zikiita damu zinapofanya kazi.

Sasa donge la damu likiziba ateri ya kati ya ubongo, arterioli zilizo mbele ya donge zinafanya kile zinachokijua: zinapanuka. Zinapanuka mpaka mwisho. Tindikali imejaa pale, misuli imelegea kabisa, hakuna nafasi nyingine ya kupanuka. Kuanzia hapo eneo hilo halijirekebishi tena, linapokea chochote ambacho presha ya mwili italeta kupitia mishipa ya pembeni inayolizunguka donge. Wakazi wa ghorofa za juu Kariakoo wanalijua hili bila kusoma fiziolojia: presha ya maji ikishuka mtaani, wa chini bado anaoga, wa juu anabaki na bomba linalokoroma. Ukiandika hidralazini, sehemu za ubongo zisizoumia zinapanua mishipa yake na kujilinda. Penambra haina cha kupanua.

Na mwili unajua. Wagonjwa wengi wa kiharusi hupandisha presha saa za mwanzo hata kama hawakuwa nayo, kisha inateremka yenyewe siku zinazofuata bila sisi kufanya lolote. Nimeona watu wakijisifia dawa kwa kazi iliyofanywa na muda.

2. Usikariri 60 hadi 150

Wote mnaujua ule mchoro wenye mstari ulionyooka katikati na ncha mbili zinazopinda. Ni wa Niels Lassen wa Denmark, mwaka 1959, na kila mtihani wa fiziolojia unauliza: damu ya ubongo hubaki ile ile presha ya wastani (namba ya chini, ongeza theluthi ya tofauti kati yake na ya juu) ikiwa kati ya 60 na 150. Jibuni hivyo kwenye mtihani. Wodini kumbukeni kwamba Lassen aliuunda mstari ule kwa kukusanya wastani wa makundi ya watu tofauti kutoka tafiti tofauti. Hakumfuata mtu mmoja akimpandisha na kumshusha presha. Mstari wa mtu mmoja mmoja unatofautiana, na kwa wengi ule unyoofu ni mfupi kuliko tulivyochorewa.

Lililo kubwa zaidi kwa wagonjwa wetu aliliandika Strandgaard na wenzake mwaka 1973: mtu aliyeishi na presha ya juu kwa muda mrefu, mstari wake wote unahamia kulia. Mishipa yake imenenepa kuta, imezoea. Presha ya wastani ambayo kwako wewe kijana ni ya kawaida, kwake inaweza kuwa tayari iko kwenye ukingo wa chini. Wagonjwa wetu wa Mbagala, wa Tandale, wa Gongo la Mboto, wengi wao wamekaa na presha miaka bila kujua au wakijua bila dawa. Ukimwona ana 120/80 siku ya pili baada ya kiharusi, usifurahi upesi. Muulize mkewe presha yake ya kawaida ni ngapi. Mara nyingi atakutolea daftari la kliniki kwenye pochi, na humo utasoma 170, 180, 175.

3. Mzee fundi cherehani

Hili nalisimulia kwa urefu kwa sababu kila nikiliona faili lenye hidralazini namwona yeye.

Nilikuwa mtarajali kama ninyi, katika hospitali moja ya jiji hili ambayo sitaitaja. Akaletwa mzee, fundi cherehani, alfajiri alikuwa ameamka mkono wa kulia ukiwa mzito. Walipofika kwetu ilikuwa jioni, maana walianzia duka la dawa, kisha zahanati, kisha foleni. Alikuwa anaongea. Maneno yanakwama, anatafuta jina la kitu, lakini anaongea: alimwambia binti yake amletee miwani, na aliniuliza mimi kwetu ni wapi. Mkono ulikuwa unanyanyuka kutoka kitandani na kukaa hewani kidogo kabla ya kuanguka. Nikapima presha: 208/114.

Nikashtuka. Namba ile ilinijaa machoni mpaka sikumwona tena aliyekuwa nayo. Wakati ule kulikuwa na kapsuli za nifedipini kwenye droo ya dharura, na mazoea yalikuwa kuitoboa kwa sindano na kuikamulia chini ya ulimi. Ilikuwa ni dawa ya "kazi nzuri", mtu unaona namba ikianguka mbele ya macho yako. Sikujua, au sikutaka kujua, kwamba tayari mwaka 1996 Ehud Grossman, Franz Messerli na wenzao walikuwa wameandika kutaka matumizi hayo yasimamishwe, kwa sababu hiyo hiyo: inaangusha presha ghafla na huwezi kuidhibiti wala kuirudisha. Nikaitoboa. Sista wa zamu, mama mtu mzima aliyekuwa wodini kabla mimi sijaanza shule ya msingi, aliniuliza kwa heshima, "Dokta, tusubiri kidogo akapumzike kwanza?" Nikamwambia presha hiyo itampasua mishipa. Akanyamaza.

Baada ya muda nilirudi kupima: 130/74. Nikaiandika kwenye faili na kuipigia mstari. Nikaenda kwa mgonjwa mwingine nikiwa na furaha moyoni.

Aliyekuja kuniita ni binti. "Dokta, baba alikuwa ananijibu. Sasa ananitazama tu." Nilikwenda. Mzee macho wazi, ananitazama kweli, mdomo unafunguka hakuna neno. Mkono wa kulia niliunyanyua mimi, nikauachia, ukaanguka kama si wake. Mguu nao, ambao jioni ulikuwa unasukuma, ulikuwa umelala. Nikafikiri ni kiharusi cha pili. Sista hakufikiri hivyo. Alikuwa ameshashusha kichwa cha kitanda na kufungua dripu ya selaini bila kunisubiri, na akaniambia kwa sauti ya chini, "Presha yake imekwenda wapi, mwanangu?"

Asubuhi daktari bingwa hakunigombeza. Alisimama miguuni pa kitanda akaniomba nikokotoe presha ya wastani, kabla na baada, kwa sauti, mbele ya wenzangu. Kabla: 114, ongeza theluthi ya tofauti ya 94, ni 145. Baada: 74, ongeza theluthi ya 56, ni kama 93. Nilikuwa nimeondoa 52 kati ya 145. Zaidi ya theluthi moja, kwa chini ya saa moja, kwa mzee aliyeishi na presha tangu nikiwa mtoto. Akaniuliza miongozo inaruhusu kushusha kiasi gani kwa saa 24, kwa yule ambaye presha yake imezidi 220/120. Nikajibu asilimia 15. "Na huyu alikuwa amezidi?" Hakuwa amezidi. Kwa hiyo hakuhitaji kushushwa hata kidogo.

Presha ilipanda tena mchana. Mguu ulirudi kiasi. Maneno hayakurudi, ila "ndiyo" na jina la binti. Alitoka wodini kwa kiti cha magurudumu, na mkono ule wa kulia ndio uliokuwa unashika mkasi. Nilimweleza binti kilichotokea, kwamba dawa niliyompa baba ilishusha presha kupita kiasi. Alilia, kisha akaniuliza swali ambalo sijui mtu mwingine angeuliza: kama nimeshawaambia wenzangu. Nawaambia ninyi leo, na kila kundi linaloingia nitaliambia.

Msinielewe vibaya kuhusu tafiti. Wachina walijaribu kushusha presha taratibu kwa watu zaidi ya 4,000 wenye kiharusi cha kuziba, matokeo yakatoka 2014: hakuna aliyefaidika na hakuna aliyedhurika zaidi kwa vifo au ulemavu. Kwa hiyo sisemi kila milimita ikishuka mtu anakufa. Jaribio la nimodipini ya mshipa, dawa inayopanua mishipa, la miaka ya 1990 lilionyesha upande wa pili: waliopata dozi kubwa na presha ikashuka waliishia vibaya zaidi. Unachotakiwa kuogopa ni mteremko wa ghafla usio na breki, kwa mgonjwa ambaye hujui ateri gani imeziba na mishipa yake ya pembeni ina nguvu kiasi gani. Kwenye wodi zetu, usiku, hilo mara nyingi hulijui.

4. CT kwanza, kisha maneno

Kiharusi cha kuvuja damu ni habari nyingine kabisa: pale tunashusha, systoliki, ile namba ya juu, kuelekea 140 kwa upole, bila kuanguka chini ya 130. Kwa macho huwezi kutofautisha viwili hivi. Kutapika, maumivu ya kichwa, kupoteza fahamu, vyote vinadanganya, na hata walimu wetu wakubwa nimewaona wakidanganyika. Najua foleni ya CT, najua ndugu wanachangishana kwenye simu pale nje ya geti. Sukumeni hata hivyo. Kabla ya picha msitoe aspirini, na msishushe presha iliyo chini ya 220/120.

Kama mgonjwa amefika ndani ya saa nne na nusu na yuko mahali penye dawa ya kuyeyusha donge, kanuni zinabadilika: chini ya 185/110 kabla ya dawa, chini ya 180/105 kwa saa 24 baada yake, kwa sababu ateri ikifunguka damu inarudi kwa nguvu kwenye mishipa isiyojua tena kujibana. Ni ugonjwa ule ule wa kupoteza udhibiti, ila safari hii hatari iko juu badala ya chini. Lassen huyo huyo aliliandika mwaka 1966, damu iliyozidi mahitaji katika eneo lililoumia.

Na wapo ambao lazima uwashushe hata kama CT haina damu: aota, ateri kuu itokayo moyoni, inayochanika, moyo unaoshindwa na mapafu yamejaa maji, mshtuko wa moyo, mjamzito mwenye kifafa cha mimba. Hao waite wakubwa mara moja.

5. Pima vizuri kabla hujaogopa

Mkono usiopooza. Kafu inayomtosha mgonjwa. Rudia baada ya dakika chache.

Halafu tazama kibofu. Nasema kweli. Kuna mama tulipokea, presha 230/125, mtarajali wa zamu ameshachukua ampuli mkononi. Sista akauliza, "Huyu mama amekojoa saa ngapi?" Hakuna aliyejua. Ndugu wakasema tangu asubuhi. Akapapasa tumbo, akaweka katheta, mpira wa kutolea mkojo, mfuko ukajaa zaidi ya lita moja. Mama akatoa pumzi ndefu ambayo chumba kizima kiliisikia. Tulipopima tena ilikuwa 188/98. Ampuli ikarudi droo. Maumivu, hofu, baridi ya feni inayompiga kifuani, kiu, shuka lililolowa: vyote vinapandisha presha, na mgonjwa aliyepoteza maneno hawezi kukwambia hata kimoja. Mtafutieni kinachomsumbua kama mnavyomtafutia mtoto mchanga anayelia.

6. Mambo ambayo hayahitaji maelezo

Dripu iwe selaini, si dekstrosi. Sukari ipimwe mlangoni, maana sukari ikishuka inaigiza kiharusi vizuri sana, na ikizidi 10 mmol/L irekebisheni. Homa ishushwe, na malaria ipimwe. Oksijeni ni kwa aliye chini ya asilimia 94 tu. Asile wala kunywa mpaka mmempima kumeza.

Kwenye kulaza kitanda, najua mnabishana. Jaribio kubwa lililotoka 2017, wagonjwa zaidi ya 11,000, halikuona tofauti kati ya kulala bapa na kuinua kichwa. Kwa hiyo msigombane na wauguzi juu ya hilo. Lakini mgonjwa ambaye hali yake inayumba ukimkalisha, mlaze, kisha mwite mkubwa. Huyo anakuonyesha kwamba eneo lake linategemea presha, na kukalishwa ghafla siku ya kwanza kwa ajili ya kunawishwa uso kunaweza kumgharimu.

Moja zaidi hapa, la kabonidayoksaidi. Kila milimita moja ya zebaki ya kabonidayoksaidi inayopungua kwenye damu ya ateri inabana damu ya ubongo kwa asilimia 3 hadi 4 hivi. Mgonjwa mnayempulizia kwa mkono kumsafirisha kwenda CT, kijana amechangamka anakamua mfuko kwa kasi ya kukimbia: mnabana mishipa ya ubongo mzima huku mkidhani mnaokoa. Taratibu. Pumzi moja kila sekunde tano, sita.

7. Ndugu wa mgonjwa

Hapa ndipo wengi mnaposhindwa, kwa sababu ya maneno, dawa mnazijua. Ndugu wa Dar wanajua presha. Kila nyumba ina mtu wa presha, kila mtaa una duka lenye mashine ya kupimia. Wakiona 195 kwenye skrini na daktari anaondoka bila kufanya kitu, wanajua wametelekezwa. Mama mmoja aliniambia wazi, "Mwanangu Dokta, mnamwacha mume wangu na presha hiyo kwa sababu hatujalipa?" Iliniuma, lakini alikuwa na haki ya kuuliza, hakuna aliyemweleza.

Sasa nawaeleza wote, nikikaa, nikiwa nimevuta kiti. "Mama, sehemu ya ubongo wa mzee haipati damu ya kutosha. Presha hii ndiyo inasukuma damu ifike pale. Tukiishusha leo, ile sehemu itakauka. Tunaitazama kila saa. Ikizidi 220 tutaishusha kidogo kidogo. Siku mbili tatu zijazo tutaanza dawa zake, na hizo atazimeza maisha yake yote." Wanaelewa. Wanaelewa kuliko wanafunzi wengine.

Msipowaeleza, watatibu wenyewe. Tulikuwa na mgonjwa ambaye presha yake ilikuwa inashuka kila asubuhi bila sababu, na kila ikishuka alikuwa mzito wa ulimi. Tukabadilisha dripu, tukapima sukari, tukarudia CT. Mwishowe sista aliyekuwa anatandika kitanda akakuta karatasi ya vidonge imekunjwa kwenye kanga: amlodipini na atenololi za nyumbani, binti yake alikuwa anazisaga kwenye uji saa kumi na mbili, kabla ya zamu kubadilishana. Kwa upendo mtupu. Na uji wenyewe alikuwa hajaruhusiwa kunywa, kumeza kwake kulikuwa bado. Hatukumgombeza. Tulimkalisha tukamwonyesha chati, namba za asubuhi na jinsi baba alivyokuwa akiongea saa hizo, akaona mwenyewe. Tangu siku hiyo nauliza kila familia, kwa sauti ya kawaida tu: dawa zake za nyumbani ziko wapi sasa hivi?

8. Lini sasa

Udhibiti haurudi kwa siku moja. Tangu Rune Aaslid na wenzake walipotuonyesha mwaka 1982 kwamba unaweza kusikiliza ateri za ubongo kwa ultrasaundi kupitia mfupa wa panja, watafiti wameweza kufuatilia jinsi mishipa inavyojibu presha inapoyumba, na wamekuta kwamba uwezo huo unaweza kulegea siku za kwanza na kuchukua wiki kurudi, wakati mwingine hata upande ambao haukuumia. Kwa hiyo mgonjwa wa siku ya nne anayeonekana mzima, anacheka na wajukuu, bado mishipa yake haijapona kama uso wake.

Akishakuwa imara baada ya saa 24 za kwanza na zaidi, presha ikiwa bado juu ya 140/90, anzeni dawa. Moja. Dozi ndogo. Ya kumeza. Mpimeni akiwa amelala na akiwa amekaa. Ongezeni siku zinazofuata, mkimaliza kliniki. Na hapo, wadogo zangu, sasa ile hasira yenu dhidi ya presha ina kazi, maana mgonjwa anayeruhusiwa bila dawa na bila tarehe ya kliniki mtamwona tena, akiwa na kiharusi cha pili.

9. Jinsi ya kuandika kwenye faili

Msiandike "fuatilia presha". Muuguzi wa usiku atafuatilia nini? Andikeni presha ya kawaida ya mgonjwa kama mnaijua. Andikeni kiwango cha juu ambacho mtaitwa kikizidi, na kiwango cha chini pia, kwa sababu hicho cha chini hakuna anayekiandika na ndicho kilichomnyamazisha yule mzee. Andikeni "dawa za presha za nyumbani zimesimamishwa kwa makusudi", kwa herufi kubwa, ili wa zamu ijayo asidhani mmesahau. Andikeni anavyoongea na mkono wake unavyonyanyuka mnapomkabidhi, kwa maneno ya kueleweka: "anataja jina lake na la mkewe, mkono wa kulia unakaa hewani kidogo."

Na mkinipigia simu usiku, ambayo mnaruhusiwa saa yoyote, mniambie hayo mawili ya mwisho kwanza. Presha nitaiuliza mwenyewe.